Bi Somoe na Mbwa wa Mpangaji

Watu wa Tandale walimjua Bi Somoe kwa mihogo yake. Kukipambazuka alikuwa keshakaa barazani na karai la mafuta, mihogo imekatwa mirefu mirefu, chachandu iko kwenye bakuli la bati, na wabeba mizigo wa sokoni wanapita mmoja mmoja kutia kitu tumboni kabla ya kwenda kuinamia magunia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja aliyetaka soga aliipata kwa Hamisa, muuza samaki wa nyumba ya pili. Kwa Bi Somoe alipata muhogo wa moto, na kama macho yake yalionyesha njaa, alipata na kipande cha nyongeza kilichotiwa kimyakimya, bila kutazamwa usoni.

Nyumba ilikuwa yake, aliachiwa na marehemu mumewe: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma umezungushiwa makuti. Chumba kimoja alilala mwenyewe, vingine alipangisha. Masharti yake yalikuwa machache na kila mpangaji aliyajua. Maji machafu hayamwagwi mlangoni. Ugomvi unakwisha chumbani, hautoki ukumbini. Mwezi wa Ramadhani hakuna kula barazani mchana, uwe wa dini yoyote. Habari za mbwa hazikuwamo, kwa kuwa Bi Somoe hakupata kuwaza kwamba yuko mtu atakayepanga chumba kwa Mwislamu, tena Tandale, kisha aje na mbwa.

Aliyemleta alikuwa Albano, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Bi Somoe alimpenda kwa utulivu wake. Kutwa nzima ungesikia tezo na tindo tu, mwenyewe mdomo kaufumba. Alikuwa na banda lake la nguzo nne pale uani, magogo ya mpingo yamepangwa kando, na mkewe Bernadeta akipiga msasa vinyago vilivyokwisha. Lakini mpingo unatoka mbali, na asubuhi moja Albano aliamka akakuta gogo zuri kuliko yote halipo. Jioni yake akaja na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, akakaa nacho mlango wa ua bila kuingia, akisubiri neno la mwenye nyumba.

Bi Somoe alitazama kikapu, akatazama banda, kisha akatazama chini, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati na kuchimba mchirizi wake mwaka hadi mwaka.

“Asivuke hapa,” alisema.

Albano akashukuru. Majirani walicheka, wakasema mbwa huyo hamalizi masika kwenye ua wa Mzaramo. Albano akawajibu, “Basi tuone,” na jina likabaki hilo hilo, Tuone.

Tuone alikula makombo ya ugali na mifupa ya samaki, akakua mpaka watu wakaacha kucheka. Kabla hajapevuka alikuwa na kifua kipana na shingo nene kama mchi wa kutwangia. Mkali hakuwa. Kosa lake lilikuwa kuvuta. Albano alimfunga mkanda wa mpira wa baiskeli shingoni na kamba ya katani, na kila jioni walitoka kwenda bondeni, mbwa mbele kaikaza kamba kwa kifua, ulimi nje, akikoroma kama mtu anayekabwa. Albano hakuliona hilo kuwa jambo. Mikono yake ilizoea shoka; mbwa akivuta ilikuwa sawa na kuvuta nyumba. Kwa hiyo Tuone alikulia kwenye kuvuta, akadhani ndivyo safari zote zilivyo.

Ndipo ukaja mwaka ule wa kuhamia vijijini. Mtu kutoka Newala alipita na habari kwamba mama yake Albano, mjane anayeishi peke yake, ametakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, na nyumba ya zamani lazima ivunjwe nguzo zikajengee mpya kabla mvua hazijamkuta nje. Albano hakuwa na ndugu wa kiume wa kumtuma. Bernadeta mimba ilikuwa imekua, asingeweza safari ya siku nyingi kwenye lori. Basi akafunga mzigo wake, na pale mlangoni akamshika Bi Somoe mikono yote miwili.

“Mama, nakuachia Bernadeta, nakuachia na Tuone. Nikirudi niwakute wote.”

“Utawakuta,” Bi Somoe akamwambia.

Neno moja tu, lakini kwa mtu asiyesema sana lilitosha, na Albano aliondoka hakugeuka nyuma.

Haikupita muda Tuone akamwangusha Bernadeta. Alikuwa anampeleka nyuma ya nyumba kujisaidia, kuku akakatiza, na yule mwanamke akaburutwa, akaenda chini kwa magoti. Ua mzima ulishika pumzi mpaka aliposema mtoto amecheza tumboni. Bi Somoe alimwinua, akampangusa vumbi, akaichukua kamba mkononi mwake.

“Hii usiishike tena, mwanangu.”

Ndivyo kamba ilivyomfikia. Mwenyewe alijua dini yake inavyosema: mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu, hakuna neno, lakini pua yake na ulimi wake ni maji, na pale anapolowesha pana kazi ya kuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Maji yenyewe ni ya foleni bombani. Basi akatenga khanga moja kuukuu ya kazi ya mbwa, akaitundika kwenye msumari nje, mbali na nguo nyingine.

Balaa lenyewe lilikuja na Mzee Marijani. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, tena mdogo wa marehemu mumewe Bi Somoe, kwa hiyo utani ulikuwa haki yake. Siku hiyo hakutania. Alisema upande wa pili wa bonde mtoto ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na watu wa mifugo watakuja Jumamosi ya wiki ijayo uwanja wa shule kuchoma sindano. Mbwa atakayechomwa atavishwa kibati shingoni. Wiki itakayofuata watapita watu wa bunduki, na mbwa yeyote asiye na kibati hana bahati.

Bi Somoe aliuliza kama bwana mifugo anaweza kuja nyumbani. Hawezi. Aliuliza njia ya bondeni. Imejaa maji ya masika. Iliyobaki ilikuwa moja, katikati ya soko la Tandale, penye bucha, na samaki, na watu wamesongamana kama dagaa kwenye tenga.

“Shemeji,” Marijani alisema, “mie sitaweza kumficha. Balozi akianza kuficha, nyumba kumi zote zitaficha.”

“Sijakwambia umfiche.”

Msaidizi hakupatikana. Wapangaji wengine walikuwa watu wa bandarini, kila mmoja akakumbuka ana zamu Jumamosi. Mbeba mizigo mmoja, pande la mtu, alijitolea kwa ajili ya mihogo ya Bi Somoe, akaja na bakora. Tuone hakupata kupigwa maishani mwake. Alipoiona bakora imeinuliwa alionyesha meno yote, na yule bwana akakumbuka kuna gunia linamsubiri sokoni.

Bi Somoe akaamua kwenda mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukurupuka, aliona bora amzoeshe mbwa njia kabla ya siku yenyewe. Alasiri moja, soko likiwa limepoa, akavaa khanga yake ya msumari, kamba akaizungushia kifundo cha mkono, na mkono wa pili akashika ufito. Ufito ule ulikuwa wa kumweka Tuone mbali. Kila mbwa alipogeuka kumnusa, Bi Somoe alimsukuma kifuani akisema, “Mbele huko,” na kamba akaikaza ili isilegee akarudi. Mbwa si mjinga. Alielewa vizuri kabisa kwamba mahali pake ni mbele, na kadiri anavyokuwa mbele zaidi ndivyo bibi huyu anavyoridhika.

Walipofika kwenye harufu ya bucha, alikwenda mbele kweli.

Bi Somoe hakukumbuka baadaye alianguka vipi. Alikumbuka sinia la Hamisa likipaa, samaki wa kukaanga wakimwagika kwenye tope, na mkono wake unavutwa kama si wake. Tuone alipita kwenye dimbwi, akajikung'uta, akamrushia maji Maalim Hija, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa na kanzu yake nyeupe njiani kwenda kuswali alasiri. Maalim Hija hakusema neno. Alitazama kanzu, akatazama jua, akageuka kurudi nyumbani. Kimya kile kilimuumiza Bi Somoe kuliko kifundo cha mguu, na kifundo chenyewe kilikuwa kinavimba.

Wachuuzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Hamisa alikuwa anaokota samaki.

“Shoga, wewe unamtembeza mbwa au mbwa anakutembeza?”

Magharibi Marijani alikuja kumjulia hali. Alieleza kwamba kanzu ya Maalim imeshaoshwa mara zake saba, na swala ya jamaa ilimpita. Alisema pia, kwa sauti ya chini ili Bernadeta asisikie, kwamba si vibaya kuacha mambo yaende yalivyo. Watu wa bunduki watapita, Albano ataambiwa ilikuwa amri ya serikali, na hakuna wa kumlaumu mjane.

“Mbwa si mtu, shemeji.”

“Najua si mtu,” Bi Somoe alisema. “Aliyeahidiwa ni mtu.”

Marijani akanywa kahawa yake akaenda zake.

Kesho yake karai halikuwashwa. Bi Somoe alikaa kwenye kigoda, mlango wa nyuma wazi, kifundo kimefungwa kitambaa cha maji ya chumvi. Hakuwa na la kufanya ila kutazama ua, na uani alikuwamo Tuone, amefungwa kwenye nguzo ya banda. Kuku alipita. Tuone akaruka, kamba ikamkamata, akasimama. Akaitazama kamba, akarudi, akalala chini ya magogo, na kamba ikalala mchangani imelegea kama mnyoo. Baadaye paka alipita juu ya makuti. Yakawa yale yale.

Bi Somoe akamwita Bernadeta, aliyekuwa anapiga msasa kichwa cha kinyago, akamuuliza kama mbwa huyu huwa anavuta nguzo.

Bernadeta alifikiri. “Alipokuwa mdogo alivutaga sana, mama. Siku hizi haivuti.”

“Kwa nini?”

“Si haiendi popote.”

Bi Somoe alikaa na jibu hilo mpaka adhuhuri. Nguzo haikumvuta mbwa, wala haikumfuata. Yeye alifanya yote mawili: alivuta kwa mkono, akafuata kwa miguu. Mbwa alivuta, na kila alipovuta alipata alichotaka, hatua moja zaidi mbele. Hata Albano na nguvu zake zote alikuwa anamfuata tu.

Mguu ulipoweza kukanyaga, akatoka naye kwenye uchochoro wa nyuma, ufito kauacha nyumbani. Tuone akaivuta kamba kama kawaida. Bi Somoe akasimama. Hakuvuta, hakukaripia; alikaza mkono ubavuni na kusimama kama nguzo. Mbwa alivuta, akakoroma, akakwaruza ardhi, akaangalia nyuma kuona kuna nini. Alipogeuka kamba ikalegea, na hapo hapo Bi Somoe akapiga hatua. Hatua mbili, mbwa akavuta. Bi Somoe akasimama.

Alasiri ile hawakumaliza hata uchochoro. Watu waliopita waliuliza kama amepotelewa na kitu. Hamisa aliweka sinia kizingitini akakaa kabisa, maana aliona si jambo la kutazamwa kwa kusimama. Akauliza hiyo safari ya kwenda wapi inayokwenda kwa vituo kuliko treni ya bara.

“Inakwenda Jumamosi,” Bi Somoe akamjibu, na Hamisa akacheka peke yake.

Shida ilibaki moja. Mbwa alipolegeza kamba alirudi kwa Bi Somoe moja kwa moja, na pua yake ya maji ikaelekea kwenye khanga na mikono. Bi Somoe alimruka huku, akamruka kule, na kule kuruka mbwa akakuona ni mchezo. Akawaza. Kumpa kitu mkononi asingeweza. Huo ulimi ungemfikia vidoleni. Lakini kutupa chini angeweza. Akaomba kwa Hamisa yale mavumbi ya dagaa yanayobaki chini ya tenga, vichwa na mikia iliyokatika, akayafunga kwenye pindo la khanga. Toka hapo kila kamba ilipolegea alidondosha chembe mbili tatu nyuma ya kisigino chake, na Tuone akaja kuzitafuta kwenye mchanga. Pua ikawa chini, khanga ikabaki kavu.

Hakupanga zaidi ya kujikinga. Ila mbwa alianza kuwaza upya habari za mbele na nyuma. Siku zote vizuri vilikuwa mbele, mwisho wa kamba; sasa vilidondoka karibu na kisigino cha mwanamke huyu, na aliyekuwa mbali hakuvipata. Akaanza kukawia. Akaanza kutembea sambamba na goti lake, jicho moja njiani, jicho moja kwenye pindo.

Maneno hayakukosekana, mwaka ule chakula kilikuwa cha kusaka. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya bomba alisema watu wanakula unga wa njano wa msaada na mbwa anakula dagaa. Bi Somoe alijaza ndoo yake. Aliyejibu ni Hamisa, ambaye mwenyewe alikuwa amecheka wiki nzima.

“Ni vumbi la tenga langu hilo, mama. Kama unalitaka na wewe njoo ufuate kisigino.”

Foleni ikaangua kicheko, na asubuhi iliyofuata Bi Somoe alikuta mfuko wa mavumbi ya dagaa umetundikwa kwenye msumari wa khanga yake. Hakuna aliyesema umetoka wapi.

Jumamosi ilifika mapema kuliko alivyotaka. Tuone alikuwa anamaliza uchochoro bila kukaza kamba, lakini uchochoro hauna bucha. Bernadeta alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akamtengenezea Bi Somoe mtandio kichwani.

Sokoni palikuwa pamefurika. Hamisa alipowaona wanakuja alilinyanyua sinia lote akalitia kichwani, akabaki amesimama nalo hivyo mpaka walipopita. Wachuuzi waliokuwa wanamkumbuka walivuta matenga yao. Bi Somoe alikwenda taratibu, akisimama, akiendelea, akidondosha, akisimama. Kwenye mchicha walipita vizuri. Kwenye kuku wa matenga walikaa kidogo. Halafu ikaja harufu ya bucha, na Tuone akasahau kila alichofundishwa. Alikwenda mpaka mwisho wa kamba akainuka kwa miguu ya nyuma.

Bi Somoe akasimama katikati ya njia.

Hapo ndipo wabeba mizigo hupita, na mtu mwenye gunia la viazi mgongoni hana subira. “Njia, mama, njia,” sauti zikaanza. Wakarundikana mmoja nyuma ya mwingine. Bi Somoe alisikia kifundo kinamchoma, kamba inamkata kiganja, na moyo wake ukamwambia apige hatua moja tu, aondoke njiani, atamrekebisha mbele. Alijua hatua hiyo ikipigwa, mbwa ataichukua, na baada yake nyingine, na watakuwa wamerudi pale pale penye samaki matopeni. Hakuipiga.

“Bi mkubwa, leo umekuwa nguzo?” aliuliza yule pande la mtu wa bakora, gunia kichwani, jasho linamtiririka.

“Nipite pembeni, baba,” Bi Somoe alisema bila kugeuka. “Kesho njoo barazani, nitakupa muhogo wako.”

Yule bwana akapita pembeni. Wa nyuma yake wakamfuata, wakagawanyika huku na huku, kama maji yanavyopita jiwe. Tuone alibaki amening'inia kwenye kamba. Mwenye bucha aliinua mfupa, akaona uso wa Bi Somoe, akaurudisha mezani. Mwishowe mbwa akashusha miguu ya mbele. Akageuza kichwa. Kamba ikashuka. Bi Somoe akadondosha dagaa nyingi kuliko siku zote, na Tuone akaja kisiginoni, wakalipita bucha.

Uwanja wa shule ulikuwa na watu na kelele. Wengi walikuwa walinzi na watu wa bara, wanaume watupu, kila mmoja anapigana na mbwa wake. Bwana mifugo alikuwa kijana Mhaya, Revelian, mwenye heshima na aliyechoka. Msaidizi wake alishaumwa na mbwa asubuhi, amekaa chini ya mti mkono umefungwa bendeji. Kwa hiyo, Revelian aliwaambia wote, kila mtu amshike mbwa wake mwenyewe, na asiyeshikika hachomwi. Bi Somoe aliona mbwa wawili wanarudishwa hivyo hivyo, shingo hazina kibati, wenyewe wameinamisha vichwa.

Zamu yake ilipofika, Revelian alimwamkia, akainua sindano. Tuone alikuwa ameshasikia vilio vya wenzake. Akarudi nyuma, akapinda, akajinyonga kwenye mkanda. Bi Somoe akasimama kama nguzo, lakini nguzo haikusaidia kitu hapa. Mbwa hakutaka kwenda popote, alitaka kuondoka tu. Alijaribu kufupisha kamba. Alijaribu kumwita. Sindano ilikosa, ikakosa tena.

“Mama, kwa kamba haiwezekani,” Revelian alisema kwa upole. “Mkumbatie kichwa. Kama huwezi, mpeleke nyumbani. Nyuma yako watu ni wengi.”

Marijani alikuwa upande wa pili wa uwanja, amekuja kuandikisha nyumba zake kumi, kanzu kaishika juu kwa mikono miwili isiguswe. Alimwona shemeji yake ameinamia mikono yake anaitazama, mikono mikavu, misafi, ambayo tangu Albano aondoke haikulowana na mbwa hata mara moja. Bi Somoe aliitazama muda wa kuvuta pumzi. Kisha akakunja mtandio, akapiga magoti kwenye mchanga, akamzungushia Tuone mikono shingoni, akakivutia kichwa kile kizito kifuani pake.

Mbwa alikuwa anatetemeka. Hilo hakulitegemea. Kwa mbali siku zote alimwona ni nguvu tupu, sasa alisikia moyo wake unagonga haraka haraka kwenye mbavu, kama wa kuku ukimshika. Udenda ukamlowesha kwapani, mkononi, shingoni. Akabaki vile vile, akamwambia taratibu maneno aliyokuwa akiwaambia watoto wakipakwa dawa, “Basi, basi, imekwisha,” kabla haijaisha, mpaka ikaisha kweli. Revelian akafunga kibati kwenye mkanda wa mpira.

“Shemeji,” Marijani aliita kutoka mbali, “umelowa.”

“Nimeona.”

“Basi njoo, maji nitakuchotea mie bombani.”

Bi Somoe alikuwa anainuka. Nyuma yake alisimama mzee mlinzi wa ghala aitwaye Romani, na jike lake zee la mbwa linalovuta huku na huku, na mzee mwenyewe mikono inamtetemeka kwa umri. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliorudishwa. Alimtazama tu Bi Somoe, kisha akamtazama mbwa wake.

Bi Somoe akajitazama kifua, khanga imelowa chapachapa. Kuosha ni kule kule, mbwa awe mmoja au awe ishirini.

“Mlete,” alisema. “Mie nimeshalowa.”

Akamfunga Tuone kwenye mti karibu na yule msaidizi, akarudi kupiga magoti. Akamshika jike la Romani. Baada yake akamshika wa pili aliyerudishwa, kisha mwingine, na mwingine, na foleni ikaanza kwenda. Wanaume wakubwa walisogea mmoja mmoja, wakaleta mbwa wao mpaka magotini pake, wakasema shikamoo mama, na baadhi yao wakauliza amejifunzia wapi. Alisema kwa mpangaji. Marijani aliachia kanzu yake ikashuka, akaenda kukalia jiwe, kwa sababu aliona shughuli si ya kwisha sasa hivi.

Jua lilipokuwa juu kabisa, chupa za dawa ziliisha. Revelian alifunga sanduku lake, akamwambia Bi Somoe kwamba Jumanne wako Manzese, na kama angeweza kuja wangefurahi sana.

“Jumanne nina mihogo,” Bi Somoe akamjibu.

Akamfungua Tuone kwenye mti. Mbwa aliinuka, akajinyoosha miguu ya mbele, akaja kusimama kwenye kisigino chake. Pindo la khanga halikuwa na kitu. Bi Somoe akalikung'uta mbele yake ili aone, wakaanza kwenda nyumbani, kamba imelegea.